Maswali ya Wasomaji: Nisome Nini Theluji Ikiwa Mbali?

Miteremko mingi ya skii, yaani ya kuteleza juu ya theluji, katika milima ya Alpi hufungwa kati ya katikati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Wapenzi wa skii walioko Mombasa, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa msimu katika hoteli za Austria na Uswisi, mabaharia, na waliooa au kuolewa huko, hurudi nyumbani masika yakiwa yamekwisha kuingia. Tangu hapo hadi Desemba ni miezi ya kusoma, na barua zilizotufikia safari hii zinauliza kisomwe kipi.

Tuseme msimamo wetu mapema. Kitabu cha skii husomwa kwa penseli, ramani na buti vikiwa karibu, na kinachohusu usalama hutangulia kinachohusu raha.

Asalaam alaykum wahariri. Nafanya kazi jikoni katika hoteli moja huko Tirol, Austria, sasa niko nyumbani hadi Novemba. Msimu uliopita nilianza kutoka nje ya njia zilizowekewa alama, pamoja na wenzangu. Nikipata kusoma kitabu kimoja tu kabla ya kurudi, kiwe kipi? Kijerumani na Kiingereza nasoma vyote. – Msomaji, Nyali

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Maadamu umeanza kutoka nje ya njia, kitabu chako ni cha maporomoko ya theluji. Vingine vyote vinaweza kungoja.

Kwa Kiingereza kinachosifiwa zaidi, na kwa haki, ni *Staying Alive in Avalanche Terrain* cha Bruce Tremper, aliyeongoza kwa miaka mingi kituo cha tahadhari ya maporomoko cha Utah, Marekani. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 2001. Tafuta chapa ya tatu, ya 2018. Kwa Kijerumani kuna *Lawine* cha Rudi Mair na Patrick Nairz, waliokiandika wakiwa wataalamu wa idara ya tahadhari ya Tirol yenyewe. Hawa wamepanga hatari katika aina 10 za kawaida, mathalani theluji laini pamoja na upepo, umande ulioganda juu ya theluji kisha ukafunikwa, au mvua juu ya theluji. Kwako wewe tunapendekeza hiki cha pili. Sababu ni kwamba taarifa ya Tirol, inayotolewa saa 11 jioni kuhusu siku ya kesho, huzitaja aina hizohizo kwa herufi gm na namba yake. Ukiona gm.6 utajua ni upepo uliobeba theluji laini, na gm.8 ni ule umande uliofunikwa. Asiyekisoma huipita namba hiyo bila kuielewa.

Ukishakipata, anza na sehemu inayohusu mwinamo wa mlima. Maporomoko ya bamba, yaani yale ambayo tabaka zima la juu hukatika na kuondoka kwa pamoja, hutokea zaidi kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Hiyo ndiyo miteremko mtelezaji anayoipenda. Macho hayapimi vizuri, na ukiwa juu unatazama chini utadanganyika zaidi. Kwa hiyo jizoeze kwa ramani ukiwa hapa hapa Nyali. Ramani za Uswisi za kipimo cha 1:25,000 zinaonekana bure kwenye intaneti, na sehemu za Alpi mistari ya kontua, inayounganisha mahali penye kimo kimoja, imepishana mita 20 za kimo. Ichapishe kwa kipimo hichohicho, kisha chukua rula yenye milimita. Mistari miwili ikiachana milimita 1.4, mwinamo ni nyuzi 30. Milimita 1.1 ni nyuzi 35. Milimita 0.95 ni nyuzi 40, na 0.8 ni nyuzi 45. Kupima mwanya mmoja ni vigumu, basi pima mianya mitano kwa pamoja ugawe kwa 5: milimita 7 kwa mianya mitano ni nyuzi 30. Ramani hizo mtandaoni zina pia tabaka la rangi linaloonyesha mahali palipozidi nyuzi 30. Liwashe baada ya kupima mwenyewe, ulinganishe. Kosa la kawaida ni kupima wastani wa mteremko mzima, hali sehemu iliyosimama zaidi ndiyo inayoamua, hata kama ni fupi.

Namba hizo zinaingia moja kwa moja kwenye kanuni ya Mswisi Werner Munter, ambayo utaikuta katika vitabu vingi vya Kijerumani. Ngazi za hatari Ulaya ni 1 hadi 5. Taarifa ikisema 2, usiguse palipofika nyuzi 40. Ikisema 3, usiguse palipofika 35. Ikisema 4, baki chini ya 30. Ngazi ya 3 iko katikati ya kipimo, na watu huisoma kama hatari ya wastani. Sivyo. Ni ngazi ambayo vifo ni vingi mno, kwa sababu watu bado wanatoka na mtu mmoja anatosha kulikata bamba. Katika ajali nyingi, aliyeyaanzisha maporomoko ni yule yaliyomkumba au mwenzake.

Jambo la pili la kulisoma polepole ni tabaka dhaifu. Theluji karibu na ardhi hukaa karibu na nyuzi 0 za joto (selsiasi). Juu yake hewa inaweza kuwa baridi sana. Tofauti hiyo ikipita kiasi cha nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke hupanda kwa kasi na punje hugeuka kuwa na pembe, zisishikane tena, zikawa kama sukari kavu. Fanya hesabu: theluji ya sentimita 80, juu nyuzi -12, chini 0, ni nyuzi 1.5 kwa kila sentimita 10. Tabaka linaharibika. Theluji ya sentimita 200 kwa baridi ileile ni nyuzi 0.6 tu, na punje zinaendelea kushikana. Ndiyo maana mwanzo wa msimu, wakati theluji ni chache na mtu anadhani hakuna cha kuporomoka, msingi wa hatari ya Januari unajengwa. Ukilielewa hili ukiwa kwenye kiti chako, nusu ya kitabu itafunguka.

Usiziruke sura za tabia za watu. Wasomaji huziona za porojo wakakimbilia michoro ya theluji, lakini walionaswa mara nyingi dalili walikuwa wameziona: nyufa zikikimbia mbele ya skii, sauti ya mshindo chini ya miguu, maporomoko mapya mteremko wa jirani. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwapo. Kilichowapeleka ni kwamba njia wanaijua, au kundi jingine limetangulia, au hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Andika katika daftari lako maswali matatu utakayowauliza wenzako kabla ya kila mteremko, uende nayo.

Kitabu hakichimbui mtu. Kila mmoja katika kundi awe na redio ya uokoaji ya masafa ya 457 kHz mwilini, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na sepetu ya chuma. Nafasi ya aliyefukiwa iko katika dakika 10 hadi 15 za kwanza, kwa hiyo waokoaji ni ninyi mliopo. Ukifika Novemba, ingia mafunzo ya vitendo kabla ya mteremko wa kwanza.

Shikamooni. Mimi na mume wangu huenda kwa wakwe zangu Italia kila Februari tukateleza wiki mbili. Kila mwaka mwalimu huniambia nimekaa nyuma, na kona zangu huburuzika badala ya kukata. Kuna kitabu kitakachonisaidia, au mambo haya hayasomeki? – Mama, Kizingo

Marahaba, dada. Yanasomeka. Tafuta *Ultimate Skiing* cha Ron LeMaster, kilichotoka 2010. Nguvu yake ni picha za mfululizo: mtelezaji mmoja katika kona moja, amepigwa picha mara nyingi na zote zikapangwa pamoja juu ya theluji ileile. Kinunue cha karatasi, kwa sababu kwenye simu picha hizo hukatika katikati na faida yake hupotea.

Namna ya kuzisoma picha hizo ni hii. Funika zote kwa karatasi nyeupe, ubakishe mbili: ile ambayo skii zimelala kabisa, kati ya kona moja na nyingine, na ile inayofuata. Tazama nyonga ziko wapi ukilinganisha na miguu. Kwa wazuri, mwili tayari umekwishaanza kuvuka kwenda upande wa kona mpya kabla skii hazijageuka. Kisha fungua video yako ya simu ya Februari, isimamishe pale pale, ulinganishe. Usilinganishe mikono wala uso. Nyonga na miguu tu.

Kuhusu kukaa nyuma: mtu akikunja magoti bila kukunja kifundo cha mguu, makalio hurudi nyuma ya visigino. Ncha za skii hupungukiwa uzito, haziumi theluji, nawe unalazimika kuzisukuma kwa mguu ili zigeuke. Hapo ndipo panapotoka mburuzo, na maumivu ya mapaja ya saa tano asubuhi. Jaribio la nyumbani: vaa buti, simama kwenye sakafu, kunja kifundo mpaka muundi uegemee ulimi wa buti huku vidole vya miguu vikiwa vimenyooka. Vidole vikijikunja kung'ang'ania, uzito umerudi nyuma. Rudia kwa dakika 10, si zaidi, kwa sababu joto la hapa huchosha miguu haraka. Kumbuka pia kuwa plastiki ya buti hulainika kwa joto: buti inayokunjika kwa urahisi Kizingo itakuwa ngumu zaidi kwa nyuzi -10, kwa hiyo usiende kununua nyingine kwa hukumu ya sakafuni.

Kabla ya kuzivaa, zikague. Buti nyingi zimeundwa kwa poliyurethani, na plastiki hiyo huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto hata kama haivaliwi. Buti iliyokaa miaka mingi kabatini pwani inaweza kuonekana mpya kisha ikapasuka kisigino siku ya kwanza. Tazama nyufa ndogo karibu na vifungo, na bonyeza kisigino kwa kidole gumba: ikimomonyoka au kuacha unga, itupe.

Kuhusu kukata kona badala ya kuburuza, kitabu kinafundisha jambo ambalo mwalimu hana muda wa kulieleza mlimani. Skii ni nyembamba katikati kuliko kwenye ncha na mkia. Chukua skii yenye urefu wa kugusa theluji wa sentimita 150, ambayo kiuno chake kimeingia ndani sentimita 2 kila upande. Urefu mara urefu, ugawe kwa 8 mara kina hicho: 22,500 gawa kwa 16, ni kama sentimita 1,400, yaani mita 14. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kona, namba iliyoandikwa kwenye skii. Ukiilaza kwa ubavu, inapinda mpaka kiuno kiguse theluji, na duara linazidi kuwa dogo: kwa nyuzi 45 ni kama mita 10, kwa nyuzi 60 ni mita 7. Huhitaji kusukuma chochote. Unahitaji kulaza na kusubiri.

Lijaribu mezani. Kata kadibodi nyembamba, urefu sentimita 30, upana 6 kwenye ncha zote mbili na 5 katikati, ukingo ukipinda taratibu bila kona. Iegemeze kwa ubavu kama nyuzi 45, bonyeza katikati kwa kidole mpaka ukingo wote uguse meza, kisha pitisha penseli kando yake. Utapata tao safi. Sasa ilaze kidogo tu, nyuzi 10, ubonyeze tena: tao linakuwa pana zaidi. Kona zako zinaburuzika kwa sababu unataka tao la mita 7 ukiwa umelaza skii kwa nyuzi zinazotoa mita 13, halafu sehemu iliyobaki unaimalizia kwa kusukuma.

Anayependa hesabu hizi kwa kina asome *The Physics of Skiing* cha David Lind na Scott Sanders. Kinahitaji fizikia ya kidato cha nne na subira.

Wahariri, mimi ni karani bandarini. Vitabu mnavyovitaja ni ghali na kuviagiza ni ghali zaidi. Kuna cha bure? – Msomaji, Changamwe

Vipo, na baadhi ni vizuri kuliko vya kulipia. Vya zamani haki zake zimekwisha, vinapatikana katika maktaba za bure za intaneti kama Internet Archive. Huko chagua faili la maandishi matupu au EPUB badala ya PDF ya picha za kurasa: la kwanza ni dogo sana na halili bando, la pili linaweza kufika makumi ya megabaiti. Ila maandishi matupu hutolewa na mashine, na mashine hukosea tarakimu. Ukikutana na kipimo cha ajabu, fungua ukurasa huo mmoja kwenye picha uhakikishe.

Anza na makala fupi ya Arthur Conan Doyle katika jarida la *The Strand*, Desemba 1894. Alikuwa Davos kwa ajili ya matibabu ya mkewe, na mwezi Machi mwaka huo alivuka kwa skii kutoka Davos hadi Arosa pamoja na ndugu wawili wa Davos, akina Branger, waliokuwa wamekwisha kuipita njia hiyo kabla yake. Ni ya kusoma kwa kikao kimoja. Isome kwa kuangalia vifaa: skii hazina kingo za chuma, na viatu vimefungwa kwa kamba za ngozi zisizofunguka mtu akianguka. Palipokuwa pamesimama sana walizifunga skii pamoja wakazikalia na kushuka kama sileji, gari lisilo na magurudumu la kuteleza juu ya theluji. Miteremko hiyohiyo, kwa kanuni ya Munter tuliyoieleza, leo ungeipima kwanza.

Kisha Fridtjof Nansen, *The First Crossing of Greenland*, 1890. Ni kirefu, juzuu mbili, na sehemu kubwa ya mwanzo ni safari ya meli na barafu ya baharini. Mtu wa bandarini ataifurahia, mwingine anaweza kuruka. Watu sita walianza kupanda kutoka pwani ya mashariki Agosti 1888, wawili wao wakafika Godthaab, ambayo leo ni Nuuk, Oktoba 3, na wengine siku chache baadaye, wakakosa meli ya mwisho na kulazimika kukaa huko hadi mwaka uliofuata. Zisome kwa makini kurasa za vifaa na chakula. Nansen anaeleza aina za mbao za skii, vipimo vyake, sileji, na jiko la spiriti la kuyeyushia theluji. Anaeleza pia kilichokosewa: nyama kavu waliyobeba ilikuwa imeondolewa mafuta, na wanaume hao wakawa na njaa ya mafuta isiyokatika hata baada ya kula. Kwa anayepanga safari ya siku nyingi ya skii na mzigo, ukurasa huo una thamani hadi leo.

Tatu, kijikaratasi cha Uswisi *Achtung Lawinen!*, kinachotolewa bure kwa lugha kadhaa. Kina kanuni ya mwinamo na ngazi za hatari katika kurasa chache. Kichapishe, ukifunike kwa plastiki.

Nina vitabu vikubwa vya picha za milima nilivyokuja navyo kutoka Ujerumani. Kurasa zimegandana, na vingine vina madoa ya ukungu. Nifanyeje? – Mzee, Mji wa Kale

Shikamoo mzee. Vitabu vya picha huchapwa kwenye karatasi inayong'aa iliyopakwa udongo mweupe. Ikilowa, tabaka hilo hulainika, na ikikauka ukurasa ukiwa umebanwa na mwenzake, huwa gundi. Zilizogandana zikakauka haziachani bila kuchanika, na hatukushauri kutumia mvuke wala kisu. Okoa zilizobaki. Siku kitabu kitakapolowa tena, usikiache kikauke kikiwa kimefungwa. Ndani ya saa chache weka karatasi ya nta ya kuokea kati ya kila ukurasa, ukisimamishe wazi mbele ya feni. Kama huna nafasi, kitie kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, ukiweke kwenye friza hadi utakapopata siku ya kukishughulikia.

Ukungu uondolewe nje ya nyumba, mahali penye upepo, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Tumia brashi laini kavu, ukipangusa kutoka mshono wa kitabu kwenda nje. Kitambaa chenye maji huingiza ukungu ndani ya karatasi. Jua kali la mchana huua ukungu kweli, lakini hukausha gundi ya mgongo ikapasuka na kuyafanya majani kuwa ya manjano. Kivuli chenye upepo kinatosha.

Hewa ya Mombasa hupita asilimia 70 ya unyevu karibu mwaka mzima, na ukungu huota vizuri unyevu ukipita 65. Kwa hiyo rafu ya wazi haitoshi. Chukua sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, la lita 40 hivi. Kwanza viweke vitabu siku mbili katika chumba chenye kiyoyozi, vikiwa vimesimama na kufunguka kidogo, kwa sababu karatasi yenyewe hushika maji. Anayevifungia kabla havijakauka amefungia na ukungu ndani, na hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi. Kisha tia gramu 300 za punje za silika ndani ya soksi safi ya pamba, na kipimo kidogo cha unyevu mahali utakapokiona bila kufungua. Kikivuka 60, toa silika uikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120, saa mbili, uirudishe ikipoa.

Kwa wadudu wa karatasi: kitabu ndani ya mifuko miwili iliyofungwa, kwenye friza ya nyuzi -18, wiki mbili. Ukikitoa, kiache siku nzima bila kufungua mifuko. Ukiifungua kikiwa bado cha baridi, hewa ya pwani itageuka matone juu ya jalada.

Mwanangu ana miaka 9, mwezi wa kumi na mbili tunahamia kwa baba yake Munich. Anauliza theluji inafananaje, na kama kuna Mkenya aliyewahi kuteleza. – Mama, Bamburi

Mwambie wapo, na mmoja ni jirani. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya kuteleza mteremko kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Kabla yake, Philip Boit alishindana Nagano, Japani, 1998, mbio za skii za kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa bado anamngoja penye mstari amkumbatie.

Kuhusu theluji, mpe kitabu cha picha: *Snow Crystals* cha Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliyeanza kupiga picha punje za theluji kwa hadubini mwaka 1885. Kilitoka 1931 kikiwa na picha zaidi ya 2,400, na maneno yake ni machache, kwa hiyo Kiingereza hakitamzuia. Mwonyeshe kwamba maumbo hufuata baridi ya wingu: karibu na nyuzi -5 hutokea vijiti na sindano, karibu na -15 hutokea nyota zenye matawi sita. Mjapani Ukichiro Nakaya alilithibitisha hilo maabara, baada ya kufanikiwa mwaka 1936 kuotesha punje ya kwanza ya theluji kwa mkono wa binadamu, kwenye unywele wa sungura.

Nunua lenzi ya kukuza mara 10. Theluji ya kwanza ikianguka Munich, aweke kipande cha kitambaa cheusi nje, mahali pasipofikiwa na theluji, kwa nusu saa kipoe, kisha akinyooshe zidondokee. Kitambaa kilichotoka ndani ya nyumba kitaziyeyusha kabla hajatazama. Asizipumulie.

Hayo yote ni ya masomo. Mimi nataka hadithi ya kweli ya kunikesha. – Msomaji, Tudor

*Skis Against the Atom* cha Knut Haukelid, Mnorwei aliyeyasimulia aliyoyafanya mwenyewe. Usiku wa Februari 27 kuamkia 28, mwaka 1943, yeye na wenzake walivunja mitambo ya maji mazito ya Vemork, karibu na Rjukan, yaliyokuwa yakitafutwa na Wajerumani kwa utafiti wa atomu. Wenzao wanne waliotangulia walikuwa wamekaa miezi kwenye uwanda wa Hardangervidda majira ya baridi, wakila kuvu wa mawe mpaka walipopata nyama ya kulungu wa kaskazini. Baada ya shambulio, watano walitoroka kwa skii hadi Uswidi, kama kilomita 400. Haukelid alibaki, na Februari 1944 akashiriki kuizamisha feri iliyobeba maji yaliyosalia katika ziwa Tinn.

Kisome na ramani ya bure ya Norwei, norgeskart.no, ikiwa wazi kwenye simu. Kabla ya kufika sura ya shambulio, itafute Vemork, kisha tazama jinsi kontua zilivyobanana kwenye bonde la mto Måna mbele ya kiwanda. Utaona kwa nini walinzi waliwekwa darajani, na kwa nini Wanorwei walishuka bondeni wakapanda ng'ambo ya pili.